Pa Kurudia

Leo mara ya nne.
Mikate mia na ishirini ya boflo imo kwenye kreti,
inatoa jasho chini ya kanga, Konde wanaingoja,
na Stalet yangu, niliyoinunua kwa fedha za upatu
kwa mtu aliyeinunua kwa mtu,
inasema: tik.
Haisemi jengine.

Vijana wa maskani ya Mtemani washaijua kazi.
Wawili nyuma, mmoja mlangoni, mimi gia ya pili,
tunateremka na kilima, naachia klachi,
gari inakohoa, inapiga chafya, inawaka.
Boflo mbilimbili kila mtu.
Faida ya siku imeliwa, na jua bado halijatoka.

Fundi Kombo aliigusa betri kwa kidole
kama anayeonja uji. Imekufa hii, laki na arubaini.
Fundi wa Bopwe akasema betri nzima, maiti ni altaneta;
itafutwe ya mtumba, itoke Dar, laki mbili na nauli ya boti.
Wa tatu alitaka elfu kumi kabla hajafungua boneti.

Mimi nna elfu thelathini na nane kwenye kopo la Blubendi,
na tuisheni ya Hidaya imo humo humo.

Massoud wa redio ndiye aliyeniazima mita.
Si bure, kwa boflo kumi.
Akanambia: Bi Zuwena, umeme ni upatu tu.
Unatoka kwa mtu, unapita kwa watu,
na lazima urudi mkononi mwa aliyeutoa.
Ukikwama, usimlaumu kijumbe.
Tafuta nani kati yenu halipi.

Jioni, tanuri imepoa, nikaanza.
Betri imelala: kumi na mbili na nukta nne.
Nzima! Fundi Kombo, Mungu akusamehe.
Vijana wakaisukuma, nikaiacha ikinguruma mlangoni,
nikapima tena: kumi na mbili na nukta moja.
Hailishwi. Inakula akiba, kama sisi.
Nikaenda kwenye altaneta yenyewe,
ncha nyekundu kwenye msumari wake, nyeusi kwenye kiwiliwili:
kumi na nne na nukta mbili.
Maiti gani huyu anayepiga kumi na nne?

Basi ncha moja kwenye injini, ya pili kwenye hasi ya betri.
Hapa, alisema Massoud, pawe sifuri au karibu yake.
Hidaya akashika tochi ya simu, akasoma kwa sauti ya skuli:
Mbili, nukta, moja.

Nikaupapasa waya wa athi kwa vidole, gizani,
nyuma kule ambako hakuna fundi aliyetia mkono.
Umeota ukoga wa kijani kama birika la msikiti wa zamani.
Chumvi imekula nyuzi moja moja,
zimebaki mbili, nazo zinashikana kwa huruma.

Kipande cha waya wa kuchomelea, mabaki, kwa Nassor: elfu tatu.
Msasa mia tano. Bolti nimeivua kwenye cherehani iliyokufa.
Nikasugua mpaka chuma kikaonyesha meno.

Iliwaka sijamaliza bismillahi.
Kumi na nne na nukta moja, kwenye betri.
Hidaya akapiga kigelegele; mimi nilikaa chini, mchangani,
na mafuta ya gari mpaka kwenye viwiko,
nikakumbuka maneno ya Massoud, nikaona haya.

Kwani wiki ya tatu hii sijatoa changu.
Zamu ni ya Bi Raya, anataka kuezeka jiko,
na kila akinisalimu dukani namwambia: gari, shoga yangu, gari.

Nikachukua elfu ishirini kwenye kopo, nikaenda usiku ule ule.
Akazihesabu mara mbili chini ya taa.
Hakusema kitu. Akanipa chai.
Nje Stalet ilikuwa inanguruma.
Bado sikuthubutu kuizima.