Akiba ya Mshono

Mimi ni fundi cherehani, Kadutu, juu ya ngazi za saruji
zile ambazo magoti huzihesabu kabla ya macho.
Kwa hiyo daktari wa Nairobi aliponichorea tumbo kwenye karatasi
nilimwelewa upesi kuliko alivyotaka:
unakata huku, unashona huku,
gunia linakuwa mfuko wa shati.
Nikamuuliza, "Na kitambaa kinachobaki?"
Akacheka. Wanakitupa.

Shemeji yangu wa Brisele ndiye aliyelipa.
Miezi kumi na minne, kilo hamsini na moja.
Kanisani walisimama wakanipigia makofi;
mwanakwaya mmoja akaninong'oneza kama nina ugonjwa ule.
Magauni yangu niliyapunguza mwenyewe, mara tatu,
utepe shingoni, pini mdomoni,
na pini zikiwa mdomoni, angalau,
mdomo una kazi.

Ila saa nane ya usiku hawakuikata.
Iko palepale, nzima,
imekaa jikoni inanisubiri, miguu imeinyoosha.

Siku hizi bugali na sombe vimenishinda,
tonge la nne linakwama.
Lakini maziwa mazito ya kopo hayakwami.
Biskuti iliyolowa haikwami.
Karanga, moja, moja, moja,
mtu anaweza kula usiku kucha kwa moja moja
na asubuhi akaapa hakutia kitu kinywani.
Umeme ukikatika natumia taa ya simu,
naiinamisha, mwanga usivuke pazia
anakolala mama.
Nakula nimesimama.
Kijiko sikioshi. Nakilamba, nakirudisha.

Kisha jasho. Kisha moyo unakimbia
kama cherehani iliyokatika mkanda:
gurudumu linazunguka, sindano haishuki.
Najilaza sakafuni, shavu kwenye saruji,
nikimwomba Mungu mama asiamke.

Mshauri wa hospitali, kijana mpole,
aliniuliza njaa hii ilizaliwa lini.
Mji huu una jibu tayari kwa kila swali;
nilimwona ameshika kalamu, anasubiri vita.
Nikatafuta kwa uaminifu.
Wakati wa risasi nilikula. Wakati wa utulivu nilikula.
Arusini, matangani,
siku niliyopata wateja, siku niliyowakosa.
"Andika," nikamwambia, "tulizaliwa pamoja.
Mimi ndiye niliyepewa jina."

Jumanne iliyopita kopo lilianguka.
Mama akatoka. Hakutaja ulafi,
hakutaja feza za shemeji.
Alivuta viti viwili.
"Nabintu, kama unakula, kaa."
Akawasha mshumaa, akaleta sahani,
ile ya maua, ya wageni,
akamimina juu yake karanga zilizobaki.
Tukazitazama kama watu wanaosubiri matokeo.
Nilikula saba.
Ya nane niliishika mpaka ikapata joto la kiganja,
nikairudisha.
Mama akaanza kuniambia habari za jirani na mbuzi wake,
habari ndefu, isiyo na mwisho wala maana,
hata nikasinzia mezani.

Jumatano nilizimaliza zote, peke yangu, gizani.
Alhamisi nilimwamsha.

Leo asubuhi amekuja bibi arusi kutoka Nguba,
anataka gauni la kubana. "Kata yote, fundi,
mimi sitanenepa tena."
Nikamjibu ndiyo.
Lakini ndani, ubavuni, jicho lisikofika,
nimemwachia vidole viwili vya kitambaa.
Simtakii mabaya.
Mshono usio na akiba
hupasuka siku ya kwanza mtu anapoketi.