Kitufe, Kitufe, Kitufe

Ghala la dawa liko nyuma ya stesheni ya Brno.
Nimefika kutoka Ostrava kwa treni ya alfajiri
na mfumo mpya mfukoni, mdogo kuliko ukucha.
Nimetumwa kuzima kioo cheusi.

Meneja anasema kinatutia aibu mbele ya wageni.
Bi Květoslava, miaka ishirini na sita dawati lile lile,
hasemi kitu. Anaandika:
herufi tatu, nafasi, namba, pigo moja la kidole cha mwisho,
na sanduku la insulini limeshaanza safari ya Znojmo
kabla sijafungua vifungo vya koti.
Vidole vyake haviulizani njia.
Vinajua, kama mguu ujuavyo ngazi za nyumbani gizani.

Kioo kile hakibembelezi, nakiri.
Kishale kinapepesa, kinangoja,
hakikudokezei uanze na lipi.
Ukikosa nukta kinajibu: SIJAELEWA,
nawe umesimama kizingitini
umebisha hodi kwa lugha isiyo ya mle ndani.

Muulize Solomiya, aliyetoka Kharkiv na sanduku moja.
Wiki tatu kioo kimemjibu hivyo hivyo.
Nilipofungua mfumo wangu, rangi zikamwagika:
vidonge vilivyochorwa, kilori, mzani, kikapu.
Akashika kipanya, akaelekeza, akabofya.
Kufika saa sita ametuma masanduku arobaini
na amecheka, sauti ambayo ghala halikuwahi kuisikia.
Picha haiulizi pasipoti, nikajisemea,
nikaanza kuandika ripoti ya ushindi.

Nilimsahau Zbyněk.

Hukaa pembeni, karibu na simu.
Hajapata kuona tangu azaliwe.
Chini ya viganja vyake upo mwamba wa chuma wenye vijipini
vinavyoinuka na kushuka,
na kila mstari wa kioo cheusi ulimpitia vidoleni
herufi kwa herufi, kama mchele unaochambuliwa.
Akavaa visikilizio. Akabonyeza mshale wa kwenda chini.
Niliinama, nikaisikia mashine ikimsomea kwa utiifu:
Picha.
Kitufe.
Kitufe.
Kitufe.
Picha isiyo na jina.
Kitufe.

Hospitali ya Břeclav ilikuwa kwenye simu, inangoja.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Sisi tulimwambia Zbyněk, tazama.

Hakukasirika. Alivua visikilizio, akavikunja waya.
"Nasikia umepaka ukuta rangi nzuri," akasema.
"Mlango umeuweka wapi?"

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya vitunguu saumu na ugomvi.
Bi Květoslava akasema kuelekeza ni kwa watoto,
hiki, na hiki, na kile,
mtu mzima hutamka anachotaka.
Solomiya akajibu, polepole, kwa Kicheki cha kuokoteza,
kwamba hata yeye ni mtu mzima,
ila maneno yake yalibaki Kharkiv.
Bi Květoslava akaitazama supu yake hadi ikapoa.

Jioni wakaondoka, nikabaki na taa moja.
Nikainua ngozi ya zile picha:
chini yake, maneno matupu, mistari kwa mistari,
na kando ya kila kitufe nafasi ya jina
iliyoachwa wazi, kwa haraka, na mtu kama mimi.
Vitufe mia mbili na kumi na viwili.
Nikavibatiza kimoja kimoja: tuma, hesabu, rudisha.
Na pembeni mwa rangi zote nikafungua kidirisha
ambamo kishale cha kale kinapepesa, kinangoja.
Treni ya mwisho ilipita bila mimi.

Asubuhi Zbyněk alikuwa wa kwanza kufika.
Alisikiliza kwa muda mrefu, kidole juu ya mshale.
"Cha mia na kumi na nne umeandika *fuata*," akasema.
"Nadhani ulikusudia *futa*."
Akatabasamu upande wa dirisha, si upande wangu.
"Herufi moja tu. Lakini mimi ningeifuata."