Kiwiko cha Nyuzi Tisini

Kwanza nilichora mifupa:
mistari miwili ya kijani ikipishana katikati ya skrini,
na pembe iliyo kati yake nikaipa herufi, si namba.
Namba hufa pale pale. Herufi husubiri.

Saa nne usiku, ghorofa ya tatu, Upanga.
Jenereta ya jirani inakohoa,
feni inahamisha joto kutoka shavu hili kwenda lile.
Kipenyo nimekiita K.
Mpindo ni K mara moja na nusu.
Unene wa ukuta, kina cha soketi, mdomo wa kuingilia,
vyote vinamtazama K
kama watoto wanavyotazama mkono wa anayegawa nyama.
Nabadili ishirini kuwa mia moja na kumi:
kiwiko kinavimba, kinajipanga, hakinung'uniki.
Programu hii huliita kundi hilo familia.
Nilicheka peke yangu.
Familia gani hiyo, ukimgusa mmoja wote wanatii?

Nikajaribu pembe sifuri. Kikavunjika.
Kibao chekundu: umbo haliwezekani.
Ni kweli. Bomba lisilopinda linataka kiwiko cha nini?
Nikaandika kanuni ya kulikataa swali lenyewe,
nikalala na viatu.

Asubuhi Gerezani, kununua kimoja cha kushika.
Shaweji akakifuta vumbi kwa pindo la shati,
akanipa cha robo tatu, na chenji pungufu.
Katalogi ilisema kina milimita kumi na sita.
Kalipa yangu ikasema kumi na nne na ushei.
Katalogi ilisema nyuzi tisini.
Themanini na nane, tena kwa huruma.

Kijitonyama, hosteli ya ghorofa tano, bado haina milango.
Fundi Kondo anakunja bomba la plastiki juu ya jiko la mkaa,
tumboni amelijaza mchanga lisibonyee.
"Samaki hukunjwa mbichi," anasema,
"hili ukilikunja mbichi litakupasukia usoni."
Mchoro wangu ameutandaza juu ya tofali,
jiwe kila pembe.
"Dada, chumba cha saba umepita ndani ya zege."
Kwenye skrini yangu boriti haikushuka.
Hapa imeshuka, imekauka, imeshaanza kupigwa rangi.

Hakutafuta utepe.
Aliukunja mkono wake mwenyewe,
kiwiko ukutani, vidole juu,
akasimama hivyo kama anayeapa.
"Punguza vidole viwili."

Vidole vya nani?
"Vyangu. Mimi ndiye ninayefunga."
Akacheka nilipovibana kwa kalipa:
thelathini na nane, pamoja na simenti.

Usiku nimeifungua tena familia.
Nimeongeza kigezo kimoja chini kabisa ya orodha.
Programu ikauliza jina,
nikaandika: Uvumilivu.
Ikauliza kinamtegemea nani,
nikaacha patupu.
K bado amekaa kwenye kichwa cha meza,
akiongezeka wanaongezeka, akipungua wanapungua,
isipokuwa huyu mmoja, asiyemtazama,
mwenye macho kwenye mkono wa mtu
aliyelala sasa hivi Manzese, sijui upande gani.

Mgao wa maji kule ni Alhamisi.
Leo Jumanne.
Nimehifadhi faili mara tatu.