Wageni Wasizidi Wanne

Wasizidi wanne, ndivyo ilivyoandikwa. Sisi sita.
Nimemtoa Mundhir, kwa kuwa bado ananyonya,
nimemtoa Vuai, kwa kuwa akishalala hana habari na dunia,
na sasa tumetimia wanne, lakini roho inakataa.
Bi Kazija, mama wa mume, hata sikujaribu kumtoa:
fungu la upatu lililotimiza nauli ni lake.

Saa tano usiku, Michenzani,
ghorofa ya nne, ngazi themanini na moja.
Nilizihesabu na ndoo kichwani
mwaka ule pampu ilipokufa.
Basi simu inaponiuliza, mnahitaji lifti?
nacheka peke yangu,
halafu naweka alama: ndiyo.

Twendako Lisboni, mji wa vilima.
Mreno alipokuja kwetu hakuulizia chumba,
hakuuliza kama watoto wanaruhusiwa
wala kelele mwisho saa ngapi.
Mimi nauliza.
Sufuria ya watu sita, au ya mtu na paka wake?
Dirisha lina komeo?
Fakihi ana miaka mitano, halioni dirisha asilipande.
Na chooni mna maji, au karatasi tupu?
Picha ya choo nimeivuta kwa vidole viwili
ikawa kubwa, ikawa ukungu mweupe,
natafuta bomba dogo la ubavuni.
Halimo.
Nimeandika *kopo*
juu kabisa ya orodha ya mizigo,
kabla ya pasi za kusafiria.

Na picha nazijua mimi. Miaka kumi na moja
natandika vitanda vya wageni Shangani;
nimekunja taulo zikawa bata,
nimesimama nyuma ya mpigapicha
nikivuta pazia lifunike ukuta unaotoa chumvi.
Kitanda cha mtoto kipo? wageni huuliza.
Kipo! hujibu meneja, kisha hunitazama,
nami hwenda kukiazima kwa Bi Maulidi, nyumba ya tatu,
na mjukuu wake akalala mkekani wiki nzima.

Waliokwisha kulala huko wameacha maneno.
Mmoja ananung'unika: kengele zamwamsha alfajiri.
"Vyema," akasema Bi Kazija, "tutajua kumekucha."
Mwengine: watoto wa jirani wacheza mpira kwenye ngazi.
Ruwaida, nilimdhani kalala, akachungulia begani:
"Mama, hapo hapo."

Nyumba nyengine nyeupe kama hospitali.
Yasema yapenda watoto, na zulia jeupe.
Nani huyo, apendaye watoto na zulia jeupe?
Nikaipita.

Kisha hii. Chumba cha chini, hakuna ngazi,
picha imepigwa ovyo, kama na mtu aliyeitwa jikoni:
kamba ya nguo barazani,
soksi tatu za mtoto, moja haina mwenzake,
na beseni la plastiki, buluu, ndugu yake hili langu.
Aliyepiga hakuliondoa beseni.
Hapo ndipo nilipomwamini.

Nikamwandikia ukweli: tuko sita.
Jibu likaja kabla sijamgeuza Mundhir titi la pili:
*Godoro jengine liko uvunguni. Limechakaa. Njooni.*

Chini kabisa pana kisanduku.
Kuna jambo mwenye nyumba alijue?
Nikaandika: mtoto wa kati hukojoa kitandani,
nitakuja na mpira wangu.
Nikaandika: bibi huamka kabla ya kengele zenu,
msishtuke mkisikia maji.
Nikaandika: vitanda nitatandika mwenyewe.

Nikasoma yote mara mbili.
Ule mstari wa mwisho nikaufuta,
herufi moja moja, toka nyuma.