Kabari ya Nyuzi Tatu

Ganix aliinua pikapu lake inchi nne
lipite kwenye mawe ya Jarbidge bila kukwaruza tumbo,
na tangu siku hiyo, likifika maili hamsini na tano,
lilitetemeka kama mgonjwa wa homa anayekataa kulala.
Kahawa iliruka kikombeni. Kioo cha ubavuni
kilionyesha kila mlima mara mbili.

Akabadili matairi. Akasawazisha magurudumu.
Akafunga krosi mpya, akaziua, akafunga nyingine, akaziua nazo.
Akalaumu barabara, akalaumu Nevada nzima,
halafu Februari, theluji ikiwa imefika vizingitini,
akalileta gereji kwangu Elko, akaacha ufunguo mezani
bila salamu.
Ni kaka yangu.
Hatukuwa tumezungumza tangu kondoo wa baba walipouzwa.

Nililala chali juu ya kadibodi.
Matope ya vuli yalikuwa yameganda kwenye springi,
na unyoya mmoja wa kwale.
Nikabandika kipimo kwenye gia boksi: nyuzi tano, kuelekea chini.
Nikakibandika kwenye piniani: nyuzi mbili, kuelekea juu.
Na propela hapo katikati, imeshikwa na wawili wasioelewana,
huyu anavuta, huyu anachelewa,
mara arobaini kila sekunde.

Mteja yeyote ataniambia: basi inyooshe.
Lakini propela haidai kunyooka;
inadai aliyeinama huku ainame sawa na aliyeinama kule,
kosa la kichwani lifutwe na kosa la mkiani.
Dawa ya moto ni moto. Dawa ya pembe ni pembe.
Baba angecheka. Kwake pembe ilikuwa
kitu cha kumkamatia dume linapokataa josho.

Kabari alizoziacha Ganix kwenye kiti zilikuwa za alumini,
zinang'aa kama sarafu za bandia.
Nikazitupa pipani. Alumini huchoka, hupasuka,
na hupasuka mahali ambapo hata simu haishiki.
Nikachukua za chuma, nyuzi tatu, upana sawa na springi,
na bolti za kati zilizo ndefu kidogo,
maana kabari nayo hula nafasi yake.

Sasa niseme ambalo yeye sikumwambia.
Saa sita usiku nilikaza yubolti ya mwisho,
nikapima: moja. Kuelekea chini.
Nilikuwa nimeziweka kinyume, unene mbele,
na pua ya difu inatazama sakafu
kama mtoto aliyevunja sahani.
Miaka kumi na tisa ya kazi hii!
Nilicheka peke yangu mpaka mbwa akaamka.
Nikafungua vyote, vidole vikiwa havina habari na mimi.
Unene nyuma. Wembamba mbele.
Tano, na tano.

Asubuhi tulishika barabara ya Mountain City,
yeye kwenye usukani, mimi na kikombe changu.
Hamsini. Hamsini na tano. Sitini.
Kahawa ilitulia, nyeusi, na kipande cha anga ndani yake.
Ganix alikuwa ameung'ang'ania usukani mpaka viungo vikawa vyeupe,
akiingojea ile homa.
Haikuja.

Tukaanza kusikia vingine:
bawaba ya mlango wangu,
kokoto iliyonasa kwenye tairi, tik, tik, tik,
pumzi yake puani, nzito, kama ya baba.

"Wale kondoo," akasema, macho barabarani,
"niliwauza kwa bei ya chini kuliko nilivyokuambia."

Nikanywa kahawa. Ilikuwa bado ya moto.
"Najua," nikasema.
"Ukimaliza maili mia moja, kaza tena zile yubolti."