Tena

Saksafoni ya Cleotis ilitoka rehani saa kumi na moja jioni,
dola kumi na nne, na kitufe kimoja kimekufa,
kile cha noti ya chini kabisa.
Alikifunga kwa rababendi, akapanda jukwaani.
Pittsburgh, theluji yenye masizi.

Saksafoni ile waiita tena:
sauti ya mwanamume aliyekwisha kulia.

Alianza kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.
Akazipata.
Mpiga ngoma akanyanyua vijiti, akavisahau hewani.
Mzunguko wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja,
Ardelia wa kaunta ameshika barafu, ikamwishia mkononi,
na kila aliposhuka kuifuata ile noti
akaizunguka,
kama nyumba inavyokizunguka kiti cha marehemu.

Mwishoni hakuizunguka. Akabonyeza.
Pumzi tupu: fuu.

Meza ya nyuma, kibarua wa tanuri la chuma,
tai imelegea, macho kafumba,
akaiimba yeye. Ile ile. Chini kabisa.
Hakujua kama amefungua kinywa.

Kimya.
Kisha ukumbi mzima ukapaza, kwa lugha yao.
Mimi nausikia kwa yangu:
tena.