Mbele Sita, Nyuma Nne

Kwa Chidawali, nyuma ya duka la pembejeo pale Mpunguzi,
dakika kumi za gemu ni shilingi mia tatu,
na saba kati ya hizo mimi sikimbii.
Nafungua ukurasa wa fundi.
Gari limeinuliwa kwa jeki isiyoonekana,
jekundu, safi, halijui vumbi la Agosti,
nami nagusa springi, nagusa shokomzoba,
naongeza, napunguza, narudi nilikotoka,
watoto wa benchi wanaguna:
"Dada Mbeleje, endesha basi! Unapika?"
Ndiyo, napika. Chumvi haitiwi kwa kelele.

Kuna kona, ya saba, ukishavuka daraja,
ina ukingo wa nyekundu na nyeupe.
Kila nikiukanyaga gari linaruka
kama mbuzi aliyekanyaga kaa,
mkia unatangulia, pua inafuata,
na Ndahani wa darasa la tano,
asiyejua hata bushi ni kitu gani,
ananipita akitafuna karanga.

Nikakaza. Nilidhani ugumu ndio ujasiri.
Nyuma nikapeleka mpaka tisa, bodi nikaishusha
hadi tumbo likakaribia kulamba lami.
Ruka. Geuka. Majani.
Mia tatu nyingine.

Kesho yake nilipanda nyuma ya pikapu ya baba,
katikati ya kreti za zabibu, tukienda mjini.
Baba aliwahi kuongeza jani moja la springi
"ili isilale," na kweli hailali:
kila tuta la barabara ya Iringa
linatupokea na kuturudisha hewani.
Sikuwa na la kufanya, nikasikiliza.
Kreti zilizoegemea kichwa zilinong'ona tu.
Zile zilizopita ekseli ziligongana meno,
na tulipofika soko la Majengo
juisi ilikuwa inadondoka kwenye bampa,
nyuki wameshapata habari.
Mnunuzi akachovya kidole, akaonja, akakata bei.
Baba hakusema kitu.
Alifuta bampa kwa kofia yake.

Usiku nikarudi kwa Chidawali.
Safari hii niliwaza punje,
punje moja iliyoiva, imekalia gurudumu la nyuma,
nikaliuliza gari: hii utaibebaje?
Nane. Sita. Tano. Nne.
Mbele nikaacha sita, upepo wa tairi nikapunguza kidogo.
Kona ya saba ikaja na rangi zake,
nikaukanyaga ukingo, na gari
likameza.
Likameza tu, kama mtu anayemeza tusi mbele ya wakwe.
Sekunde mbili nzima nilimwibia Ndahani.
Karanga zikasimama shavuni.

Kisha luku ikaisha. Chidawali akasonya gizani.
Sikuwa nimehifadhi chochote.
Kwa mwanga wa simu nikaandika
nyuma ya daftari la mauzo:
mbele sita, nyuma nne.

Alfajiri nilimkuta baba ameshapakia,
daftari kwapani, miwani puani.
Kreti sita zimebanana na kichwa, nne nyuma yake,
mbili zilizokosa nafasi kaziweka kwenye kiti changu.
"Nimeiona hesabu yako," akasema. "Tuijaribu."

Sikumsahihisha.
Nilipakata kreti moja, nyingine nikaikumbatia kwa mguu,
nikateremsha kioo,
na kabla ya tuta la kwanza
nikatega sikio.